Mengineyo

Nimekipa kijiji pacha.
Droni ilipiga picha elfu mbili,
siku tatu za Juni, kati ya ukungu na ukungu,
nami nikazishona ofisini Tukuyu, ukingo kwa ukingo,
hadi bonde zima likasimama kwenye kioo:
mabati, migomba, chai iliyonyolewa sawasawa,
hata ng'ombe mmoja aliyegeuka kutazama kinacholia angani.
Sasa ana vichwa viwili. Sijamrekebisha.

Kumzaa pacha si kazi. Kazi ni kumlea.
Watu wa maji walileta ramani yao: chemchemi kumi na moja.
Watu wa misitu walileta yao: chemchemi saba,
na mpaka wa hifadhi umekatiza jikoni kwa Anyelwisye,
kati ya figa la pili na la tatu.
Kampuni ya chai ilileta karatasi
iliyokunjwa miaka mingi, mkunjo umekula mto.
Nikazipanga safu juu ya safu.
Usiku kucha nikawa mshenga
wa watu wasiotaka kuoana.

Siku ya mkutano nilitundika shuka ukutani mwa ghala la maziwa.
Nikasema: huyu ni pacha wa ardhi yenu.
Mkigombania mpaka, tutamuuliza yeye.
Mvua ikizidi, yeye atalowa kwanza,
tuone kilima kipi kitateleza
kabla hakijateleza.
Watu walicheka walipoona mapaa yao.
Mwaisumo alihesabu migomba yake kwa sauti,
akarudia, akamwangalia jirani.

Tumpale hakucheka.
Yeye alizaa mapacha, akabaki na mmoja.
Akauliza: "Huyo anakula nini?"

Nikasema, umeme. Nikasema, taarifa:
kila mti mnaokata, kila choo mnachochimba,
kila mtoto anayegawiwa shamba, aambiwe.
"Na mna mtu wa kumlisha?"
Nikaikumbuka bajeti.
"Tunaye," nikasema. "Mpaka mwezi wa sita."

Machi, saa nane usiku, kilima cha nyuma ya zahanati kilishuka.
Hakikuua mtu. Kilimeza njia, kikahamisha chemchemi,
kikaacha ukuta wa udongo mwekundu
ambapo jana palikuwa na viazi.
Pacha alikuwa ametuonya
juu ya kilima kingine.
Na asubuhi ile, kwenye kioo, bado ilikuwa Juni:
kilima kimesimama, kikavu,
ng'ombe na vichwa vyake viwili anacheua.
Hakuna aliyempelekea habari ya msiba.

Nikapanda na kifaa cha setilaiti mgongoni,
matope yakininyonya viatu kama ndama mwenye njaa.
Tumpale alikuwa mbele na panga, akinifyekea.
Tukafika nyuma ya nyumba yake.
Masale mawili. Jiwe, si kubwa, halina maandishi.
"Huyu umemwandika?"

Sikuwa nimemwandika.
Ukitazama kutoka angani
mgomba umemfunika vizuri.

Nikafungua orodha. Jengo. Barabara.
Mto. Shamba. Msitu.
Nikashuka mpaka chini kabisa, penye Mengineyo,
nikabonyeza, nikaomba jina.
Akalitaja.
Nikaomba tena, herufi kwa herufi,
nikasingizia baridi ya vidole.

Halafu nikamgeuzia kioo aone.
Nukta moja, ya kijivu.
Alifuta tone la mvua kwa upindo wa kitenge,
akakodoa, akakaribia.

"Msogeze," akasema. "Umemweka njiani.
Watakuwa wanamkanyaga."

Nikamsogeza nusu mita.

"Bado. Huku, kwenye mgomba."